Maswali ya Wasomaji: Majedwali ya Dadu na Matayarisho ya Kikao

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: matayarisho ya michezo ya uhusika, ile ambayo wachezaji hukaa mezani kila mmoja na mhusika wake, mwongozaji akasimulia ulimwengu wao, na dadu zikaamua yasiyo na uhakika. Jedwali hapa ni orodha ya mistari yenye namba: unarusha dadu, na namba iliyotoka inakuchagulia mstari. Tumechagua barua sita.

Ndugu mhariri, nina kitabu cha mawazo chenye majedwali zaidi ya mia. Kila nikitayarisha kikao narusha dadu saa nzima, najaza kurasa kwa kurasa, lakini siku ya mchezo vitu havishikani. Nakosea wapi?

Unarusha mno. Kikao cha saa tatu au nne kinatosheka na matokeo matatu: mahali pamoja, mtu mmoja, tatizo moja. Rusha mara tatu, funga kitabu, na usikifungue tena mpaka umeandika majibu ya maswali manne. Nani anataka nini? Nini kinamzuia? Wahusika wa wachezaji wana sababu gani ya kufika hapo? Na wasipofanya lolote, nini kitatokea, na lini? Hilo la nne ndilo waongozaji wengi hulisahau, nalo ndilo linalosukuma mchezo mbele wachezaji wanapokwama.

Tuchukue mfano. Tuseme dadu zimekupa kinu cha maji kilichoacha kusaga, mtoza ushuru, na kitu kilichoibwa kinachorudi chenyewe. Ukiviacha hivyo, ni vitu vitatu visivyojuana. Sasa vifunge. Mtoza ushuru amechukua jiwe la kusagia kwa sababu mwenye kinu hajalipa deni. Kila asubuhi jiwe linakutwa limerudi kinuni, limelowa maji, na wapagazi wawili wameshakimbia kazi. Anayelirudisha ni pepo wa mto, ambaye zamani aliahidiwa mfuko wa kwanza wa unga wa kila mavuno. Mtoza ushuru anatafuta watu wa kulilinda jiwe usiku mmoja, na hapo ndipo wachezaji wanapoingia. Wakikataa, siku ya tatu atalivunja kwa nyundo, na mto utapanda mpaka kwenye nyumba za kijiji.

Angalia kilichofanyika: chanzo kimoja kimeeleza matokeo yote matatu, na kila mtu ana anachokitaka. Nusu ukurasa unatosha kuandika hayo. Ukianza kurusha dadu kupata jina la wapagazi, rangi ya mlango na kilichomo mfukoni mwa mtoza ushuru, umerudi kulekule. Majina andaa kumi pembeni, uwe unayachukua moja moja wakati wa mchezo.

Matokeo mawili yakigongana, usikimbilie kurusha upya. Jipe dakika tano ujiulize ni hali gani ingeyafanya yote mawili kuwa kweli. Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo wazo ambalo usingelipata peke yako, na ndiyo faida kubwa ya kitabu cha namna hii. Dakika tano zikipita bila jibu, badilisha tokeo moja tu.

Jedwali langu la msituni lina mistari 12, narusha dadu ya pande 12. Joka limetokea mara mbili katika kikao kimoja na walinzi wa msitu hawajatokea kabisa. Nifanyeje?

Dadu moja huupa kila mstari nafasi sawa. Katika jedwali lako joka lina asilimia 8 na ushee, sawasawa na walinzi, kwa hiyo umeuambia msitu kwamba majoka ni wengi kama walinzi. Tumia dadu mbili za pande sita na ujumlishe. Utapata mistari 11, kuanzia 2 hadi 12, na nafasi zake hazilingani: 7 hutokea mara 6 katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, karibu asilimia 17, 6 na 8 kila moja asilimia 14 hivi, 2 na 12 kila moja chini kidogo ya asilimia 3. Mistari mitatu ya katikati peke yake inabeba asilimia 44. Basi weka walinzi kwenye 7, wanyama wa kawaida kwenye 6 na 8, na joka mpeleke kwenye 12.

Ukitaka jedwali refu zaidi, jumlisha dadu ya pande 8 na ya pande 12. Mchanganyiko huu ulitumika miaka ya 1980 katika Dungeons & Dragons, mchezo wa uhusika unaojulikana sana, nao bado ni mzuri: unapata 2 hadi 20, namba 9 hadi 13 zina nafasi sawa ya asilimia 8 na kitu, halafu nafasi zinashuka taratibu mpaka asilimia 1 kwenye ncha zote mbili.

Kurudiarudia ni jambo jingine. Hata jedwali la mistari 20 yenye nafasi sawa, ukirusha mara tano, kuna uwezekano wa asilimia 42 kwamba angalau mstari mmoja utajirudia. Wengi hudhani dadu zao ni mbovu, kumbe hesabu ndivyo ilivyo. Dawa yake ni penseli: mstari ukishatokea ukate, na mahali pake uandike jambo lililozaliwa na tukio lile. Joka limeshaonekana? Mstari wa 12 sasa usomeke, “Shamba lililoungua, kondoo mmoja yu hai na hataki kutoka kisimani.” Baada ya vikao vichache jedwali lote litakuwa linazungumzia mchezo wenu.

Kila tukirusha dadu njiani kunatokea vita. Wachezaji wameanza kuchoka.

Jedwali lako linataja nani amekuja, ila halisemi anafanya nini wala yuko katika hali gani. Mwongozaji akiachiwa jina la kiumbe tupu, jambo la haraka kumjia ni upanga. Ongeza mirusho miwili.

Wa kwanza ni wa shughuli, na dadu moja ya pande sita inatosha: 1 anakula, 2 anakimbia kitu, 3 amebeba kitu kizito, 4 anagombana na wenzake, 5 amejeruhiwa, 6 anawatafuta wahusika wenyewe. Wa pili ni wa hali ya moyo, kwa dadu mbili za pande sita. Kanuni za Msingi za Dungeons & Dragons za 1981 ziliupanga hivi: 2 anashambulia papo hapo; 3 hadi 5 ana uadui na huenda akashambulia; 6 hadi 8 hana uhakika; 9 hadi 11 hashambulii, ataondoka au atasikiliza; 12 anafurahi na kutaka urafiki. Kwa hesabu ile ya 36, shambulio la papo hapo ni mara 1 tu, na uadui ni mara 9. Karibu robo tatu ya mikutano inabaki wazi kwa mazungumzo, biashara au kukwepana. Jaribu: majitu manne, yamebeba kitu kizito, hayana uhakika. Hakuna mchezaji atakayeona hivyo asitake kujua wamebeba nini.

Kuhusu idadi ya mirusho, kanuni hizohizo zilimtaka mwongozaji akague kila baada ya dakika 20 za ndani ya mchezo wakiwa mapangoni, na 1 kwenye dadu ya pande sita ikileta mkutano. Wakikaa humo saa moja na dakika 20, yaani ukaguzi mara nne, uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja unafika asilimia 52. Shabaha yake ni kuufanya muda uwe na gharama: anayetaka kupekua kila kabati ajue kuna kitakacholipwa. Kama katika mchezo wenu muda hauna uzito wowote, hakuna mwenge unaoisha wala mateka anayesubiri, acha kabisa mirusho hii. Itakula kikao bure.

Nataka kuandika jedwali langu mwenyewe. Nianze na mistari mingapi?

Sita. Mistari mia inavutia machoni, lakini ukiiandika kwa mkupuo mmoja utaishiwa mapema na sehemu kubwa iliyobaki itakuwa ya kujazia. Na huenda katika mchezo mzima usirushe jedwali hilo zaidi ya mara nane.

Kilicho muhimu ni mwandiko wa mstari. “Wafanyabiashara” ni mstari mbovu, kwa sababu kazi yote inamngoja mwongozaji katikati ya kikao. “Wafanyabiashara watatu wanafukia sanduku kando ya njia, punda ni wanne” ni mstari mzuri. Una mtu, una tendo linaloendelea, na una kitu cha kuuliza au kushika. Tena usieleze mwisho wake. Ukiandika kwamba wa nne aliuawa na wenzake, umefunga mlango ambao wachezaji wangeufungua kwa namna yao.

Ukizoea, gawa jedwali kwa safu. Safu tatu za mistari sita, yaani nani, anafanya nini, na kuna kasoro gani, zinakupa michanganyiko 216 kwa kuandika vipande 18 tu. Sharti ni kwamba kila kipande kiweze kukaa na kila kingine, kwa hiyo andika vifupi, na jaribu michanganyiko kumi kabla ya kikao. Kipande kinachokwama mara mbili kitoe. Ukihitaji mistari mingi katika safu moja, rusha dadu mbili za pande sita, moja uisome kama makumi na nyingine kama mamoja: kuanzia 11 hadi 66 unapata mistari 36 yenye nafasi sawa. Amua mapema dadu ipi ni ya makumi, na ziwe za rangi tofauti.

Je, ni halali kupuuza dadu zilichotoa?

Ukiwa unatayarisha peke yako, bila shaka. Jedwali ni la kukusaidia. Mezani ni tofauti. Ukishawaambia wachezaji unarusha kwa ajili ya nini, heshimu jibu, la sivyo wataacha kuziogopa na kuzitumainia dadu. Kwa hiyo uchujaji ufanyike mapema. Soma mistari yote ya jedwali kabla ya kikao na ukate isiyolingana na ulimwengu wenu, pamoja na ile inayogusa mambo ambayo yeyote kati yenu amesema hayataki mchezoni. Vitabu vya mawazo huandikwa kwa watu wasiojulikana. Wa kwako unawajua wewe.

Nina dadu za kawaida za pande sita tu. Majedwali ya kitabu changu yanataka pande 20 na 100.

Zinatosha. Kupata 1 hadi 10, rusha dadu mbili za rangi tofauti. Ya kwanza isome 1 hadi 5, na ikitoka 6 irushe tena. Ya pili ikiwa shufwa ongeza 5, ikiwa witiri usiongeze kitu. Kupata 1 hadi 20, ongeza dadu ya tatu: shufwa inaongeza 10. Kupata 1 hadi 100, tafuta 1 hadi 10 mara mbili, mara ya kwanza kwa makumi na ya pili kwa mamoja, ukihesabu 10 kama sifuri. Sifuri mbili ni 100. Usijaribu kujumlisha dadu tatu au nne ili kufikia 20. Namba za katikati zitatoka kila mara, na 1 haitatoka kamwe.