Je, Mchezaji Kiraka Hana Namba?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 19 kutoka Mikindani, Mtwara. Katika timu yetu ya mtaa mwalimu hunipanga beki wa pembeni leo na winga kesho, na kipa akiumia hunivalisha glovu mimi. Wenzangu wananiita kiraka, tena kiraka kifupi. Shemeji yangu aliyeko Toronto ameniambia nisome habari za Mike Clemons, mchezaji wa futiboli ya Kanada, lakini mchezo huo siujui. Alifanya nini hasa?

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Katika mchezo huo, mpira wenye umbo la yai hubebwa mkononi, kila upande huwa na wachezaji 12, na timu inayoshambulia hupewa nafasi tatu tu za kusogea yadi kumi mbele, yaani kama mita tisa. Mkimbiza mpira husimama nyuma ya mpanga mashambulizi, hupokea mpira na kupenya nao katikati ya msongamano wa miili. Marekani nafasi hizo ni nne. Kwa kuwa Kanada ni tatu, timu hulazimika kurusha pasi mara nyingi zaidi, na mkimbiza mpira asiyejua kudaka huwa nusu mchezaji.

Clemons, mzaliwa wa Florida mwenye kimo cha sentimita 168 hivi, alichaguliwa na Kansas City Chiefs, timu ya futiboli ya Marekani, mwaka 1987 lakini hakudumu huko. Mwaka 1989 alijiunga na Toronto Argonauts, na kocha wake, Bob O'Billovich, akambandika jina la Pinball, kwa mfano wa ile gololi ya chuma ya mchezo wa mashine wenye jina hilo, inayogonga kizuizi hiki ikarukia kile bila kutulia. Alikimbia na mpira, alidaka pasi, na alirudisha mipira iliyopigwa na wapinzani.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mpira unashuka kutoka juu, macho yake yako angani, huku akisikia vishindo vya watu wanaomjia kwa kasi. Sheria ya Kanada haimruhusu kuashiria kwamba ataudaka tu na mchezo usimame. Humlinda kwa umbali wa yadi tano, hatua tano za mtu mzima, ambao wapinzani hawaruhusiwi kuuingilia mpaka auguse mpira. Akishaugusa, ulinzi umekwisha. Hapo kimo kifupi huwa faida, kwa maana aliye chini huwa mgumu kukamatika, hasa katika uwanja wenye upana wa yadi 65, mpana kuliko ule wa Marekani.

Mwaka 1990 alikusanya jumla ya yadi 3,300 kwa njia zote hizo, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1997, akiwa na miaka 32, umri ambao hapa kwetu mtu huanza kuulizwa lini atastaafu, alifikisha yadi 3,840 katika msimu mmoja, rekodi iliyodumu hadi 2012. Alitwaa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada, akiwa mchezaji mwaka 1991, 1996 na 1997, kisha akalitwaa tena mwaka 2004 akiwa kocha mkuu, wa kwanza mweusi kufanya hivyo.

Ukitaka mfano wa karibu, mtazame Erasto Nyoni, aliyeitwa kiraka miaka yote akicheza ulinzi na kiungo Simba na Taifa Stars, kisha akaja huku kusini kuichezea Namungo. Kwa hiyo mwalimu wako akikupanga pembeni wiki hii, usinune, ila mwombe muda wa kujifunza kila nafasi ipasavyo, maana Clemons hakuwa mtu wa kujazia pengo: kila kazi aliijua kama mwenye nayo. (Glovu za kipa, kusema kweli, ningezikataa.)

Na kuhusu namba, jezi yake 31 ilistaafishwa na Argonauts, hakuna mwingine anayeivaa.