Maswali na Majibu: Owen Pallett na Fidla Yake

Swali: Owen Pallett ni nani, na kwa nini albamu zake za mwanzo zina jina jingine?

Jibu: Ni mpiga fidla, mtunzi na mwimbaji wa Kanada, aliyezaliwa Mississauga, jirani na Toronto, mwaka 1979. Albamu zake mbili za kwanza alizitoa kwa jina la Final Fantasy, ambalo ni la michezo ya video kutoka Japani. Alipokaribia kutoa albamu ya tatu, Heartland, mwaka 2010, aliliacha ili watu wasichanganyikiwe, akaanza kutumia jina lake mwenyewe.

Swali: Anawezaje kusimama peke yake jukwaani na kusikika kama kundi zima?

Jibu: Chini ya mguu wake kuna kifaa kinachonasa kipande alichokipiga na kukirudia bila kukoma. Juu ya kipande hicho huongeza cha pili, kisha cha tatu, mara kwa upinde, mara kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, hadi pale anapopata msingi wa kutosha kuimbia. Wengi husifu kifaa, ilhali sifa ni ya mpigaji, kwa sababu akikosea mpigo mara moja tu, kosa hilo humrudia kila duru, mbele ya hadhira, mpaka asimamishe na kuanza upya.

Swali: Mbona jina lake limo katika albamu za watu wengine?

Jibu: Kwa sababu huwapangia muziki wa ala za nyuzi. Alishiriki katika Funeral, albamu ya bendi ya Kanada Arcade Fire, mwaka 2004, na mwaka 2008 akaiandikia okestra sehemu zake katika albamu ya kundi la Uingereza The Last Shadow Puppets. Sikubaliani na wanaoiita hii kazi ya pembeni: mpangaji ndiye anayeamua fidla ziingie wapi, zinyamaze wapi, na zimpishe vipi mwimbaji, na uamuzi huo hubadilisha wimbo mzima.

Swali: Amewahi kupata tuzo?

Jibu: Ndiyo. Albamu yake ya pili, He Poos Clouds, ilishinda Tuzo ya Polaris, ya albamu bora ya Kanada, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2006, pamoja na dola 20,000 za Kanada. Baadaye yeye na William Butler, mwanamuziki wa Arcade Fire wakati huo, waliteuliwa kuwania Oscar kwa muziki wa filamu Her.

Swali: Nianze kusikiliza ipi?

Jibu: Anza na He Poos Clouds, ambayo imejengwa juu ya wapigaji wanne wa ala za nyuzi, kwa kuwa humo kila uzi husikika waziwazi, kisha nenda Island ya 2020, aliyoirekodi na okestra jijini London.