Kidole cha yule askari

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Matondoni, Lamu, wazima. Mguu wa mamako umepungua uvimbe, na ile mashua ya bwana wa Kipungani imebaki kutiwa kalafati tu.

Umeniuliza kama nakupa radhi uache kazi ya hoteli hapo Malindi, ushike moja kwa moja hizi video zako za bunduki na maisha ya wanajeshi, kwa kuwa watazamaji wameongezeka na senti zimeanza kuingia. Nitakujibu. Lakini kwanza nikwambie video iliyoninyima usingizi.

Zile ulizonitilia kwenye simu nimezitazama zote, moja moja, baada ya Isha. Yule mwalimu mstaafu wa Tennessee, ajiitaye Hickok45 huko YouTube, nimempenda. Mzee mrefu, hana haraka, anapiga kibao cha chuma kule mbali, kikilia anafurahi kama mtoto aliyepata embe. Ukaniambia anayeshika kamera ni mwanawe. Nikamwambia mamako, waona, wenzetu watoto wao wafanya kazi nao nyumbani. Akaniambia nisikuandikie hilo. Basi ndiyo nimekwisha kuliandika.

Yule wa Kentucky, mwenye video za Kentucky Ballistics, nilimsimamisha mara tatu kabla ya kufika mwisho. Bunduki kubwa ya kaliba 50 imempasukia, Aprili 2021, chuma kimemkata mshipa wa shingo, naye akajitia kidole gumba kwenye jeraha ili damu isimwishe. Wewe waniambia alipona na akarudi kwenye video zake. Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa namfikiria babake, aliyekuwa naye siku hiyo na akamkimbiza kutafuta hospitali. Babake alilala usiku ule? Hilo hukunieleza.

Iliyoninyima usingizi ni yako mwenyewe: ile ya kanuni nne za usalama wa bunduki za Mmarekani Jeff Cooper. Umezitaja vizuri, sauti yako haikuyumba. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mtutu usiuelekeze kwenye kitu usichokuwa radhi kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshapata shabaha. Ujue unachokilenga, na ujue kilicho nyuma yake. Na kwa kuwa Kenya bunduki bila cheti ni kesi, ukaonyesha kwa mwiko wa wali. Ulipofika ya tatu, kidole chako kikalala ubavuni mwa mwiko, kimenyooka.

Nikazima simu. Kidole kile nimekiona kabla yako.

Mwaka 2014 waukumbuka. Juni mji wa Mpeketoni, hapa Lamu, ulishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na Julai ikaja kafyu: saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asionekane mtu nje wala baharini. Siku ile nilikuwa natoka Kipungani kubadilisha ubao wa dau la watu. Maji yakanikupwia njiani. Nikakwama topeni kwenye mikoko, nasubiri yajae huku nalitazama jua likiteremka, na maji hayajui kafyu. Nilipoelea, Magharibi ilikuwa imeadhiniwa.

Boti ya askari ikatokea, taa ikanipiga usoni. "Simama hapo! Tupa silaha!"

Silaha gani? Nilikuwa nimeshika tezo. Sijui niliishika lini, woga tu. Tezo ya babu yako, yenye mpini wa mkwaju uliolika pale palipokaa vidole vyake, mpaka vyangu vilipokuja kushika vikaingia mumo kwa mumo. Sauti ikarudia. Nikaitupa. Ililia "chubwi" tu, basi, kama dagaa aliyeruka.

Taa ikashuka kukagua dau, ndipo nikamwona. Kijana, midomo imemkauka, mtutu uko kifuani kwangu. Akauliza, "Ulitupa nini?" Nikamwambia tezo, ya kuchongea vyombo. Akanyamaza. Halafu akasema, "Pole, mzee. Nenda nyumbani."

Pole! Mtu amenizamishia mkono wa babangu, aniambia pole.

Hadithi hii nimeisimulia kila Idi na nyote mwaijua kwa moyo, na kila mara nimesema kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio, kinatetemeka. Mamako hushikilia kwamba usiku ule nilipofika nyumbani sikutaja kidole chochote. Nilikuwa namwambia yeye hakuwepo. Sasa nimeuona mwiko wako, na kidole kimenirudia vile kilivyokuwa: kimenyooka ubavuni mwa bunduki, kucha imekatwa fupi. Hakikutetemeka. Kilichotetemeka ni dau, na aliyelitetemesha ni mimi.

Mimi ndiye ninayewaambia wanagenzi hapa kila siku: mtu mtazame mkono, uso utakudanganya. Fundi wa kweli wamjua anavyoshika keekee hata kabla hajatoboa. Na siku iliyonihusu mwenyewe nikatazama uso.

Hata hivyo, ngoja. Kanuni yako ya tatu kaishika, ya pili je? Mtutu ulikuwa kifuani kwangu. Alikuwa radhi kuniharibu? Pengine alikuwa radhi. Amefunzwa hivyo, na wiki zile nani angemlaumu, watu wamechinjwa usiku, na mimi natokea mikokoni gizani na chuma mkononi. Lakini mimi sikuwa adui. Lakini yeye angejuaje? Nimezunguka hapo mpaka alfajiri. Nusu ya hadithi yangu imekufa, nusu imebaki, na sijui hiyo nusu nitaisimulia vipi.

Haya, mambo ya kazi. Umenieleza kwamba YouTube tangu 2018 hawataki video za kuuza bunduki wala za kufundisha kuziunda, na mwaka 2024 wakawazuia walio chini ya miaka 18 wasione zile za silaha za kujiundia nyumbani na zinazomimina risasi. Vyema. Ila simu ninayotazamia ni ya mzee wa miaka 67, na vichwa vinavyoniegemea begani nikitazama ni vya wajukuu, mkubwa wao ana tisa. Sheria hiyo haijafika barazani kwetu.

Zile za wanajeshi wa Marekani wakifungua pakiti za chakula na kulalamikia ladha nimezicheka. Nikamuwaza yule kijana wa boti: alikula nini jioni ile, na nani kwao alijua yuko wapi? Hao wa kwetu hatuwaoni mkono wala sahani, twawaona taa tu. Kama video zako zingekuwa za hivyo, ningesema... Lakini naona pia zile zenye watazamaji wengi ni za mlio. Kibao cha chuma, tikiti maji linapasuka. Mtu hapati senti kwa kuonyesha kidole kilichotulia. Au hupata? Hilo wewe ndiye uliye huko.

Jibu la radhi ninalo. Liko ulimini kabisa, na mamako analijua, kwa hiyo usimpigie simu kumchokoachokoa. Sitaliandika. Nilikutoa hapa ufukweni kwa maneno yangu mara moja, ukaenda hotelini kwa kuwa nilisema mashua hazilishi, na tangu siku hiyo nachonga peke yangu.

Njoo Idi. Nitaisimulia ile ya boti mbele ya ami zako, na safari hii kidole nitakiweka mahali pake. Watacheka sana, jitayarishe. Na uje na ule mwiko. Mamako autafuta tangu ulipoondoka.

Wasalaam,
Babako