Kanga Iliyolowa: Kufundisha Wauguzi kwa Kisa cha Kuigiza

Chagua lengo moja. Visa vingi huharibika kwa sababu mkufunzi amerundika kila kitu: mama ana kifafa cha mimba, mtoto halii, ndugu wanalia mlangoni. Wanafunzi wakikwama, hujui wamekwama wapi. Mchukue mama aliyejifungua dakika 20 zilizopita, kondo la nyuma limetoka lote, naye anavuja damu kwa kuwa mfuko wa uzazi umelegea. Hilo linatosha.

Damu ya igizo ni maji, rangi nyekundu ya chakula na uji mwepesi kidogo. Akina mama wa Dar huenda leba na kanga zao, kwa hiyo tumia kanga. Pima kanga kavu kwenye mzani wa jikoni, ilowanishe, pima tena: kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita 1. Waache wanafunzi wakisie kwa macho kwanza. Wengi watataja kiasi pungufu, na hapo wataona jinsi mililita 500 zinavyoweza kupita bila mtu kushtuka.

Dalili ziandike kwenye kadi, zibadilike kulingana na wanachofanya. Mwanzo: mapigo 96, presha 110/70. Dakika ya 3, kama hajakandwa tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze: mapigo 120, presha 105/70. Dakika ya 6: mapigo 136, presha 80/50, mikono ya baridi, analalamika kiu. Presha inachelewa kushuka kwa makusudi. Mwili wa mama kijana mwenye afya hujikaza, mapigo yakapanda huku presha ikionekana nzuri. Anayesubiri presha ishuke ndipo ahangaike amekwisha kuchelewa.

Usikubali neno “ningempa”. Ampe. Afungue droo, atafute ampuli, avute dawa, aseme dozi kwa sauti: oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10 kwenye msuli, au uniti 20 ndani ya lita 1 ya dripu, matone 60 kwa dakika. Oksitosini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, basi iweke kwenye friji na ufunguo awe nao mtu mwingine; dakika zinazopotelea hapo ni somo kamili. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 huingizwa kwenye mshipa polepole, kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kosa la kawaida ni kuisukuma yote kwa mkupuo, jambo linaloweza kushusha presha.

Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kuwa kugundua damu mapema na kutoa matibabu yote kwa pamoja huokoa akina mama wengi na hali mbaya. Kwa hiyo mmoja akande, mwingine aweke dripu, mwingine aite msaada. Wote wakiinamia mkono mmoja kutafuta mshipa, tumbo linabaki bila mtu. Na mama asemeshwe: “Pole mama, nakukanda tumbo, litauma kidogo.”

Igizo lichukue dakika 10, mazungumzo baada yake dakika 25. Hapa ndipo wanafunzi wanapojifunza hasa, na ndipo wakufunzi wengi wanapokata muda ili wawahi kipindi kingine. Ukianza na “mmekosea”, utajibiwa “ndiyo, mwalimu” na hutasikia la zaidi. Waulize kwanza wamejisikiaje, kisha wasimulie kilichotokea, halafu uliza: “Ulipoanza na presha, ulikuwa unafikiria nini?” Mara nyingi utagundua mwanafunzi alikuwa anasubiri amri ya daktari. Kukanda tumbo hakusubiri amri, na ni vizuri alisikie hilo chuoni kabla hajaripoti zamu hospitali ya Amana au Temeke.

Darasa la watu 60? Sita waigize, waliobaki wagawane cha kutazama: kundi moja mikono, jingine saa, jingine maneno. Baada ya mazungumzo rudieni kisa kilekile siku hiyohiyo, na watendaji wabadilishane na watazamaji.

Ampuli na dripu za mazoezi ziandikwe “MAZOEZI TU” kwa kalamu isiyofutika. Zihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na hesabu isipolingana asitoke mtu chumbani mpaka ipatikane iliyopotea, kwa sababu inaweza kuishia mfukoni mwa koti linaloelekea wodini.