Jibu: Kama mishale haikutoboa deraya, Wafaransa walishindwaje Agincourt?

Habari mkuu. Umekwama hapa: bamba la kifuani la deraya, yaani vazi la chuma la vitani, lilizuia mishale mingi, sasa Waingereza na pinde zao waliwashindaje Wafaransa kwenye vita vya Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1415?

Anza na ardhi, upinde baadaye. Shamba lilikuwa limetoka kulimwa, mvua imenyesha usiku, na misitu imelibana kushoto na kulia. Aliyevaa deraya alizama topeni kila hatua huku wa nyuma wakizidi kumsukuma.

Kisha tazama farasi. Wao ndio walioumia kwa mishale hasa, kwa sababu ubavuni na nyuma kinga ilikuwa haba. Farasi aliyechomwa haendi mbele kwenye vigingi vilivyochongwa, ambavyo wapiga upinde walivisimika mbele yao. Anageuka na kuwakanyaga wenzake.

Mshale wenyewe ulitafuta uso, makwapa na maungio. Ndiyo maana watu waliinamisha vichwa na kufunga kofia zao za chuma, wakawa hawaoni wala hawapumui sawasawa. Mishale ilipokwisha, wapiga upinde waliingia na panga, mashoka na nyundo. Na iliisha upesi: fungu moja lilikuwa mishale 24, na ukipiga 10 kwa dakika, fungu hilo halivuki dakika 3. Hiyo "mvua ya mishale" ya sinema ipunguze.

Ukitaka kuhakikisha, linganisha na vita vya Patay, pia Ufaransa, 1429. Upinde uleule, lakini Wafaransa waliwafikia wapiga upinde wa Kiingereza kabla hawajamaliza kupiga vigingi, wakawasambaratisha.