Ripoti ya chesi ianze kwa msomaji wake

Kama unapanga kuongeza ripoti kwenye programu huria ya hifadhidata ya chesi, swali la PDF au HTML (ukurasa wa kivinjari) lisubiri. Jiulize kwanza nani ataisoma, na akiwa wapi. Kocha mmoja wa Buruburu ninayemsaidia huwapa vijana wake karatasi moja kabla ya raundi: mpinzani hufungua vipi akiwa na nyeupe, hujibu nini akiwa na nyeusi. Ameiprinti saiba, na kila ukurasa unalipiwa. Grafu za rangi atazipeleka wapi?

Kwa hiyo chukua kalamu, uiandike ripoti nzima kwa mkono ukitumia michezo halisi. Kichwa kikikosa cha kuandikwa chini yake, kifute. Pia ifungue Scid, programu huria ya hifadhidata ya chesi aliyoianzisha Shane Hudson, utazame ripoti zake za ufunguzi. Mengi unayotaka kubuni yamo humo tayari.

Asilimia isitoke bila idadi ya michezo kando yake. "Ameshinda 67%" ni maneno mazito, kumbe ni michezo 2 kati ya 3. Kijana akisoma hivyo usiku, asubuhi anaacha ufunguzi aliouzoea.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye majina. PGN, muundo wa faili za maandishi zinazohifadhi michezo ya chesi, inataka jina la ukoo, mkato, halafu jina la kwanza. Sisi tuna majina matatu, na kila mwandalizi wa mashindano huchukua mawili anayoyapenda. Tuseme mtoto ni Brian Ochieng Otieno. Leo ameandikwa "Otieno, Brian", mwezi ujao "Brian Ochieng", shuleni kwao "Otieno B.O." Ripoti itamhesabu kuwa watu watatu, kila mmoja na michezo miwili mitatu isiyofundisha kitu. Weka kwenye mpango hatua ya kuunganisha majina kabla ya hesabu yoyote. Ila programu ipendekeze tu, mtu ndiye akubali: huenda kina Otieno ni ndugu wawili wa klabu moja. Tarehe nazo zina vituko vyake. PGN inaruhusu "????.??.??", basi amua mapema michezo ya namna hiyo itapangwa wapi.

Upande wa msimbo, tenganisha ukusanyaji na uandishi. Sehemu moja itoe takwimu na hatua za michezo, nyingine izivalishe maandishi matupu, HTML au LaTeX (mfumo wa kupanga kurasa za kuchapwa). Hapo atakayetaka sura mpya hatagusa hesabu.

Mimi ningeanza na HTML. LaTeX hutoa ukurasa mzuri kweli, lakini TeX Live kamili, kifurushi cha kuiendesha, ni gigabaiti kadhaa, na kwa bando letu hilo si ombi dogo. Kivinjari kila mtu anacho, hata kompyuta ya saiba, na alama za vipande vya chesi zimo ndani ya Unikodi, orodha ya pamoja ya herufi za kompyuta. Ziprinti kwanza uone: kwa herufi ndogo, mfalme na malkia huanza kufanana.