MASWALI YENU YA MAGARI: Mzee mwenye jaketi la Winston

SWALI: Kaka habari za kazi, safu yako naisoma kila toleo. Niko huku Charlotte, North Carolina, mwaka wa tatu sasa. Kazini kwetu kuna mzee mmoja, baridi ikianza tu anavaa jaketi jekundu limeandikwa Winston Cup, na ukimtajia NASCAR, hizi mbio za magari za Marekani, anakwambia mbio zilikufa 2003 walipoondoka watu wa sigara. Hivi ubingwa mzima uliwezaje kuitwa jina la sigara? Na huyu mzee analia kweli au amezeeka tu? (Msomaji, Charlotte)

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na baridi. Huyo mzee msikilize, ana uchungu wa kweli, ila mi naona anacholilia sio sigara.

NASCAR ilianza 1948 kule Daytona Beach, Florida, chini ya Bill France, na ubingwa wake mkuu ulipoanza 1949 zilikuwa gari za kawaida kabisa kama hizo za yadi. Madereva kadhaa wa enzi hizo mwendo walijifunzia kwenye kubeba gongo usiku huku askari wako nyuma yao, na Junior Johnson alifungwa kabisa baada ya kukamatwa kwenye mtambo wa gongo wa baba yake. Sasa ikaja sheria, kuanzia tarehe 2 Januari 1971 hakuna tangazo la sigara redioni wala kwenye tivii Marekani nzima. Kampuni ya R.J. Reynolds, wenye sigara ya Winston, ambayo iko Winston-Salem hapohapo jimboni kwako, ikabaki na hela ya matangazo haina pa kuipeleka, Junior Johnson akaenda kuwaomba wadhamini gari lake, wakamwambia kiasi walichonacho, akaona hii sio hela ya gari moja, akawapeleka kwa Bill France. Mwaka huohuo ukawa Winston Cup. Na hapo ndo penye ujanja wenyewe, maana tangazo limepigwa marufuku lakini mbio zikirushwa kwenye tivii mtangazaji anataja Winston mara ngapi sijui, kuta za viwanja zimepakwa nyekundu na nyeupe, na pale kiwanjani watu wanagawiwa pakiti bure.

Mwambie mzee na hili, taratibu lakini. Msimu wa 1971 ulikuwa na mbio 48, msimu wa 1972 zikabaki 31, kwa sababu zile fupi chini ya maili 250 ziliondolewa kwenye ubingwa. Vile viwanja vidogo vya miji midogo ambavyo ndo vilikuwa mila yenyewe vilianza kupukutika palepale hela ya sigara ilipoingia. Kwa hiyo mila anayoililia ilikuja juu ya kaburi la mila nyingine.

Ila nakubali kwamba yeye yalimwangukia yote kwa pamoja. Kiwanja cha North Wilkesboro walishanyang'anywa mbio baada ya 1996. Winston ikaondoka mwisho wa 2003, ilishabanwa na makubaliano ya 1998 kati ya kampuni za sigara na majimbo 46, ikaingia Nextel, kampuni ya simu, na 2004 hiyohiyo mfumo wa pointi ukabadilishwa, Southern 500 ya kiwanja cha Darlington iliyokuwa inakimbiwa wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, tangu 1950 ikapokonywa tarehe yake, tarehe ikapewa kiwanja cha California, na kiwanja cha Rockingham kikakimbiwa mara ya mwisho kwenye ubingwa huo. Mtu ambaye kila mwaka alikuwa anapanga likizo yake kwa hizo tarehe, unamwambia nini?

Mimi lakini kuondoka kwa sigara nashukuru, baba yangu mdogo tulimzika kwa mapafu. Na angalia ilipofikia: mwaka 2001 Kyle Busch, ana miaka 16, alitolewa kwenye mbio za pikapu za NASCAR kule California wakati mazoezi ameshafanya, kisa wikiendi hiyo kiwanja kilikuwa na mbio zinazodhaminiwa na Marlboro na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi. Yaani sigara ndo ibaki, dereva aende nyumbani!

Darlington walirudishiwa Labor Day 2015, na North Wilkesboro ikafufuka 2023 kwa mbio za madereva nyota (All-Star). Sio mbali na hapo ulipo, mpeleke mzee.

SWALI: Anko, zile Subaru za bluu za Safari Rally, ile 555 ubavuni ilikuwa namba ya gari? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana mwanangu, ilikuwa sigara, chapa ya kampuni ya BAT. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Subaru Impreza ya bluu ya timu hiyo, na Afrika Mashariki nzima rangi ile ikatuingia kichwani. Kenya wakaja na sheria yao ya tumbaku 2007, ikapiga marufuku matangazo ya namna hiyo. Mimi nilipokuwa mdogo nilizichora hizo tano tatu kwenye kila daftari la shule, na hakuna mtu mzima aliyeniambia ni nini.